UMATI tangu 1959: Chama Kilichobeba Uzazi wa Mpango Tanzania

Kabla ya kliniki

Kuzaa kwa kupishana ni jambo la tangu mababu. Kuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni ilikuwa aibu kwa baba na mama pia, na hofu ya kumbemenda, yaani kumdhoofisha kwa kukutana kimwili mapema, mtoto ambaye hajaacha ziwa iliwafanya wazazi wengi wasubiri miaka miwili na zaidi. Mke alirudi kwao kujifungua akakaa huko miezi mingi. Bibi na shangazi ndio walioamua lini arudi kwa mumewe. Wengine walifunga pigi, hirizi ya kuzuia mimba, kiunoni. Waislamu wa Pwani walikuwa na mafundisho ya kunyonyesha miaka miwili kamili, na suala la mume kumwaga nje lilikwisha kujadiliwa na wanazuoni wao karne nyingi nyuma.

Utaratibu huo ulihitaji watu wa kuusimamia, na mjini watu hao hawakuwepo. Mke wa kuli wa bandarini au wa karani wa reli aliishi kwenye chumba kimoja cha kupanga Kariakoo au Ilala, mama yake yuko Morogoro au Kilwa, na mimba zikafuatana. Waliopokea matokeo yake walikuwa wakunga na madaktari: mama anayejifungua mara ya nane akiwa amepungukiwa damu, mtoto aliyeachishwa ziwa kabla ya wakati wake, msichana aliyejaribu kutoa mimba kwa njia za hatari.

Hitaji hilo ndilo lililozaa chama. Mwaka 1959, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, watu wa kujitolea waliunda chama cha kupanga uzazi cha Dar es Salaam. Vifaa vilikuwa vichache. Kidonge cha kwanza cha kuzuia mimba kiliidhinishwa Marekani mwaka 1960 tu, kwa hiyo wanawake wa mwanzo walipata njia za kizamani zaidi, kama dawa za povu na jeli, ambazo zilihitaji maelezo marefu na mahali pa faragha. Kwa mwanamke anayelala chumba kimoja na watoto wake, hilo la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza.

1959–1973: Kukubalika na taifa changa

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, chama kilijikuta katika nchi iliyokuwa na kila sababu ya kukitilia shaka. Ardhi ilikuwa tele, watu wachache. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 katika nchi nzima, Bara na Visiwani. Watoto wengi walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano, na mzazi aliyezaa wanane hakuwa na uhakika wa kubaki na watano. Zaidi ya hayo, wazo la kupunguza uzazi lilivuma likitokea Ulaya na Marekani, na wananchi waliotoka juzi mikononi mwa mkoloni walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini mtu wa mbali ashughulikie idadi ya watoto wao.

Viongozi wa chama waliliona hilo mapema, na naona uamuzi wao wa wakati huo ndio uliokiokoa. Hawakwenda kwa wananchi na hesabu za idadi ya watu. Walizungumza juu ya afya ya mama, juu ya nafasi kati ya mtoto na mtoto, juu ya ada ya shule na chakula cha kutosha. Kufikia 1967 kazi ilikuwa imevuka mipaka ya Dar es Salaam na chama kikawa cha kitaifa; baadaye kikajulikana nchi nzima kwa jina la Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania, UMATI.

Msaada mkubwa ulitoka mahali ambapo wengi hawakuutegemea. Mwaka 1969, akiuwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mbele ya TANU, chama tawala, Mwalimu Nyerere alisema kuongezeka kwa watu ni jambo jema katika nchi yenye ardhi kubwa, lakini akawakumbusha wajumbe kwamba wanaoongezeka kila mwaka ni watoto wachanga, siyo wafanyakazi, na kwamba kumlea mtoto vizuri kuna uzito kuliko uwezo wa kumzaa tu. Haikuwa sera, wala haikuwa amri. Lakini katika nchi ile, katika miaka ile, neno la Mwalimu lilimpa muuguzi wa wilayani ujasiri wa kufungua kabati la vidonge mbele ya katibu wa tawi.

Mwaka 1973 UMATI ikawa mwanachama kamili wa Shirikisho la Kimataifa la Uzazi wa Mpango, IPPF, lililoanzishwa Bombay mwaka 1952. Uanachama huo ulileta vifaa, mafunzo na fedha, pamoja na mfumo wa uongozi unaodumu hadi leo: wanachama wa kujitolea huchagua bodi, bodi huajiri mkurugenzi mtendaji, naye huongoza watumishi wa kulipwa.

1974–1989: Miaka ya kubeba mzigo

Mwaka 1974 serikali ilianzisha mpango wa Afya ya Mama na Mtoto, ikaruhusu uzazi wa mpango uingie katika kliniki zake. Kliniki zilikuwa za serikali na wauguzi walikuwa wa serikali. Mzigo wa kuagiza dawa na vifaa, kuvihifadhi na kuvisambaza, kuwafundisha wauguzi na kuielimisha jamii, ukawekwa mabegani mwa UMATI. Chama cha watu wa kujitolea kikawa, kwa vitendo, idara ya taifa zima, na kikabaki hivyo kwa miaka kumi na mitano.

Inafaa kukumbuka ilikuwa miaka gani. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vimeanzishwa na zahanati zikijengwa hadi mahali ambapo gari lilifika mara moja kwa mwezi. Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978–79, uhaba wa fedha za kigeni, petroli ya mgao, barabara zilizokatika kila masika. Pakiti ya vidonge ilikuwa ya msaada, hivyo bei haikuwa tatizo. Safari ndiyo iliyokuwa tatizo: kutoka bandarini hadi bohari, kutoka bohari hadi mkoani, kutoka mkoani kwenda wilayani kwenye gari la chanjo kama lina mafuta, na kutoka wilayani hadi zahanati kwa baiskeli ya mganga au kwenye kikapu cha muuguzi aliyekuja kuchukua mshahara. Mwanamke anayemeza vidonge akikosa pakiti ya mwezi mmoja, hesabu yote imeharibika. Wasimamizi wa bohari na madereva wa miaka ile hawatajwi katika hotuba, na bila wao mafunzo yote ya wauguzi yangekuwa maneno matupu.

Mafunzo yenyewe yalikuwa na ugumu wake. Muuguzi alipaswa kufahamu jinsi ya kuweka kitanzi, nani asipewe vidonge kwa sababu ya shinikizo la damu, na afanye nini mama anapolalamika kwamba siku zake zimevurugika. Pia alipaswa kujibu uvumi, nao ulikuwa mwingi: kwamba vidonge hujazana tumboni, kwamba kitanzi humchoma mwanaume, kwamba sindano hukausha kizazi. Wahamasishaji wa UMATI walipita kwenye mikutano ya vijiji, viwandani na kwenye vikao vya akina mama, wakijibu maswali yaleyale mwaka hadi mwaka. Baadhi ya malalamiko hayakuwa uvumi hata kidogo. Kutokwa damu ovyo au kukosa hedhi ni athari halisi za baadhi ya njia, na mama aliyeambiwa ukweli tangu mwanzo ndiye aliyerudi kliniki badala ya kuacha kimyakimya.

Mlango nao ulikuwa mwembamba. Katika kliniki nyingi mwanamke aliulizwa kama mumewe amekubali, na kama ana watoto wa kutosha. Asiyeolewa hakuulizwa; alirudishwa. Hili liliwaumiza zaidi wasichana wa shule. Msichana akipata mimba, masomo yake yalikoma siku hiyo, na aliyemharibia mara nyingi aliendelea na maisha yake. Katika miaka ya 1980 UMATI ilianzisha kituo Temeke kwa ajili ya wasichana hao, wapate masomo, stadi za kazi na malezi ya watoto wao. Wakati huo haikuwa kazi ya kusifiwa. Wapo waliosema chama kinalea uhuni. Chama kiliendelea nayo, na kwa maoni yangu hakuna ukurasa wa historia hii unaostahili heshima zaidi.

Upepo wa nje nao ulibadilika. Mwaka 1984 Marekani ilitangaza masharti mapya kuhusu utoaji mimba kwa mashirika ya nje yanayopokea fedha zake za uzazi wa mpango, IPPF ikayakataa, na fedha hizo zikakatwa. Masharti hayo yameondolewa na kurudishwa mara kadhaa tangu hapo, kila Ikulu ya Washington inapobadilisha chama, na kila mara vyama wanachama wa IPPF vimelazimika kupanga bajeti upya.

1989–1999: Serikali yashika usukani

Sensa ya 1988 ilihesabu watu milioni 23.1. Mwaka uliofuata serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Uzazi wa Mpango, ikachukua rasmi kazi ambayo UMATI ilikuwa imeibeba. Mwaka 1992 ikaja Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu, na mwaka 1994 mwongozo wa taifa wa utoaji wa huduma. Mwongozo huo ulifanya jambo kubwa kuliko inavyokumbukwa: ulitamka kwamba kila mwanamume na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, wakiwemo vijana, ana haki ya kupata elimu na huduma, awe ameoa au kuolewa au la, awe na watoto au hana. Kwenye karatasi, swali la ruhusa ya mume likafutwa.

Miaka hiyo nyota ya kijani, alama ya uzazi wa mpango, ilianza kuonekana kwenye kuta za zahanati na hospitali, na mtu asiyejua kusoma akajua kwamba humo ndani kuna huduma. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, na nchi ikamfuatilia Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu. Kwa miaka miwili ya kwanza, wasikilizaji wa kituo cha Dodoma hawakurushiwa mchezo huo ili watafiti waweze kulinganisha. Walikuta kwamba mahali uliposikika, watu wengi zaidi walizungumza na wenzi wao na kwenda kliniki. Nani hakumsikia Mkwaju akijadiliwa kwenye daladala?

Matokeo ya muongo huo yanaonekana katika tafiti za taifa za afya na uzazi:

| Utafiti | Wastani wa watoto kwa mwanamke | Walioolewa wanaotumia njia za kisasa |
|---|---|---|
| 1991/92 | 6.2 | 7% |
| 1996 | 5.8 | 13% |
| 1999 | 5.6 | 17% |
| 2004/05 | 5.7 | 20% |
| 2010 | 5.4 | 27% |
| 2015/16 | 5.2 | 32% |
| 2022 | 4.8 | 31% |

Kwa UMATI, mafanikio haya yalikuja na swali zito. Kazi yake ilikuwa imechukuliwa na wizara, na usambazaji wa dawa ukahamia Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya 1993. Mashirika mengine, Marie Stopes miongoni mwao, yalikuwa yamekwisha kuingia nchini. Uongozi wa wakati huo ungeweza kugombea nafasi yake ya zamani. Badala yake uliuachia mfumo wa serikali akina mama waliokwisha kuzoea kliniki, ukaelekeza nguvu kwa wale ambao kliniki ya serikali ilikuwa bado inawaogopesha, yaani vijana.

2000–2015: Kusimama na kuanza tena

Tazama tena jedwali. Kati ya 1999 na 2004/05 mwendo karibu ulisimama, na wastani wa watoto haukushuka. Sababu zinafahamika. Ukimwi, uliogunduliwa kwanza Kagera mwaka 1983, ulikuwa umefikia kila mkoa, na fedha za wafadhili, wataalamu na matangazo ya redio vilielekea huko, tena kwa haki. Wakati huohuo bajeti ya afya ilipelekwa kwenye halmashauri, ambako uzazi wa mpango ulishindana na paa la zahanati na mishahara, na mara nyingi ulishindwa.

UMATI ilitumia miaka hiyo kujenga huduma rafiki kwa vijana: chumba chenye mlango wake, saa zinazomfaa mwanafunzi, mhudumu asiyeuliza maswali ya hukumu, kipimo cha virusi vya Ukimwi na njia ya kuzuia mimba katika ziara moja. Vijana waliingizwa katika uongozi pia. Utaratibu wa IPPF unadai angalau mjumbe mmoja kati ya watano wa bodi awe kijana wa chini ya miaka 25, na kwa chama kilichoanzishwa na watu wazima hilo lilibadili mazungumzo ya vikao.

Kisha kijiti cha kuzuia mimba kikaenea. Norplant, ya kwanza kufika, ilikuwa na vijiti sita na ilihitaji mikono yenye uzoefu. Jadelle ina viwili, Implanon kimoja. Mhudumu humkalisha mama, huifungua trei yenye sampuli ya kila njia, humwacha ashike na kuuliza. Akichagua kijiti, mkono husafishwa sehemu ya ndani juu ya kiwiko, ganzi huchomwa, na kijiti chenye urefu wa sentimeta nne hivi husukumwa chini ya ngozi kwa kifaa maalumu. Dakika chache tu. Mama hupapasa mwenyewe akakisikia, hufungwa bandeji, hupewa kadi yenye tarehe ya kukitoa: miaka mitatu au mitano baadaye, kutegemea aina. Hakuna pakiti ya kuficha kwenye dari wala safari ya kila miezi mitatu kama kwa sindano. Mwaka 2013 bei ya Jadelle kwa nchi maskini ilishushwa kutoka dola 18 hadi 8.50, na kijiti kikaanza kufika zahanati ambazo zamani zilikuwa na vidonge na kondomu tu. Mapungufu yake yapo: ni rahisi kumpata wa kukiweka kuliko wa kukitoa, na mama anayetaka kukitoa kabla ya tarehe ana haki ileile ya kusikilizwa.

Julai 2012 Rais Jakaya Kikwete alihudhuria mkutano wa London wa uzazi wa mpango, akarudia lengo la taifa la kufikisha watumiaji asilimia 60 ifikapo 2015. Lengo halikufikiwa. Hata hivyo kati ya 2004/05 na 2015/16 matumizi ya njia za kisasa yalipanda kutoka asilimia 20 hadi 32, na hilo lilifanywa na zahanati, huduma za mkoba na wahudumu wa jamii, UMATI ikiwa mmoja wa wabebaji.

Matukio makuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1959 | Chama chaanzishwa Dar es Salaam |
| 1967 | Kazi imefikia ngazi ya taifa |
| 1973 | Uanachama kamili wa IPPF |
| 1974 | Uzazi wa mpango waingia kliniki za serikali. UMATI yabeba ugavi, mafunzo na elimu |
| Miaka ya 1980 | Kituo cha wasichana, Temeke |
| 1989 | Mpango wa Taifa wa Uzazi wa Mpango |
| 1992 | Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu (yarekebishwa 2006) |
| 1994 | Mwongozo wafungua huduma kwa wote walio katika umri wa kuzaa |
| 2012 | Ahadi ya London |
| 2021 | Wasichana waliojifungua waruhusiwa kurudi shule |

2016 hadi leo

Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba haoni sababu ya kupanga uzazi kwa watu wenye mashamba na mifugo wanaoweza kulisha watoto wao. Siku chache baadaye Wizara ya Afya ilisimamisha matangazo ya uzazi wa mpango ya mradi mmoja uliofadhiliwa na Marekani. Huduma zenyewe hazikufungwa. Wauguzi waliendelea kutoa sindano na vijiti, na wahudumu wa vyama kama UMATI wakaendelea kwa sauti ya chini. Lakini elimu ikipungua, uvumi hujaza nafasi yake, na naona sehemu ya jibu la kwa nini jedwali linasimama kwenye asilimia 31 mwaka 2022 iko hapo.

Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurejea katika mfumo rasmi wa shule. Waliopitia kituo cha Temeke miaka ya 1980 ni bibi sasa. Wajukuu wao wana nafasi ambayo wao walinyimwa. Hitaji bado ni kubwa: katika utafiti wa 2022, asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito, dhidi ya asilimia 27 mwaka 2015/16.

Mwanamke mmoja kati ya watano walioolewa anataka kusubiri au kuacha kuzaa na hatumii njia yoyote. Wanawake hao hawako sawasawa nchini. Lindi na Mtwara kupanga uzazi ni jambo la kawaida. Kanda ya Ziwa na Pemba bado ni la wachache. Katika wilaya ambazo hospitali kuu ni ya kanisa Katoliki, mama anayetaka kitanzi hulazimika kwenda kwingine. Na mahali popote, huduma iliyo bure kisera haimsaidii aliyesafiri saa tatu akakuta sindano zimekwisha na kuambiwa arudi wiki ijayo, kwa nauli nyingine.

Vituo vya UMATI leo vinatoa ushauri, njia mbalimbali za uzazi wa mpango, kipimo cha virusi vya Ukimwi, uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi na elimu kwa vijana, pamoja na huduma za mkoba vijijini. Mapema mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huohuo shirika lake la USAID likafungwa. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya sindano na vijiti vya Tanzania ilinunuliwa kwa fedha hizo. Kazi ya kuhakikisha dawa inafika zahanati, iliyoanza na madereva na wasimamizi wa bohari wa 1974, sasa inahitaji fungu la kudumu katika bajeti ya serikali na katika bajeti ya kila halmashauri, na viongozi wa chama wanapokwenda Dodoma kuonana na wabunge, hilo ndilo wanalopaswa kuanza nalo.